Kipara cha Marehemu Baba

Sehemu ya Tano

Kwa wewe uliyechelewa kuingia, kaa hapa nikupe kwa ufupi, maana aibu yangu haihitaji maneno mengi.

Mimi ni Torfi, mwana wa Brandur, mgane, fundi wa injini za boti katika mji mdogo wa wavuvi kaskazini mwa Iceland. Nywele zilizo kichwani mwangu si zangu. Zangu zilinikimbia nikiwa kijana, na tangu hapo navaa za bandia. Siri hiyo aliijua marehemu mke wangu Alda peke yake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yangu ilikwenda nayo kaburini.

Siku moja mchana, nikidhani niko peke yangu nyumbani, nilizifua na kuzianika juu ya hita. Nikasikia dirisha la chumba cha mwanangu likipigwa na upepo. Nikaingia nikalifunga, kichwa wazi, nikafika mlangoni nikageuka. Kumbe Eyrún, mke wa mwanangu Kári, alikuwa amejilaza humo na mimba yake kubwa. Akafumbua macho. Nikaganda. Akayafumba, nami nikatoka kwa kunyata.

Jioni yake, tukinywa kahawa, Eyrún akasema, "Leo nimejiwa na mtu. Mzee mwenye kipara. Alisimama mlangoni akinitazama."

Kári akaweka kikombe chini. Huku kwetu hata mtoto wa shule anajua maana ya maneno hayo. Marehemu akimjia mjamzito, amekuja kuomba jina. Akipewa, mtoto anapata mlinzi. Akinyimwa, mtoto ndiye anayelipa. Na katika ukoo wetu marehemu mwenye kipara ni mmoja tu, baba yangu Brandur.

Ningesema pale pale, yangeisha kwa kicheko. Sikusema. Nikaomba niongezewe kahawa.

Sasa mtoto amezaliwa.

Ni wa kiume, mzito, ana mapafu ya nahodha. Kwa desturi yetu mtoto hatajwi jina mpaka mchungaji ammwagie maji, na wazazi hawamwambii mtu yeyote. Kwa hiyo wote tulimwita Kijana. Kijana amelala, Kijana ameamka, Kijana amemtapikia babu yake.

Ila Kijana alikuwa na jambo lake. Kila mchana, saa zile zile nilizosimama mlangoni, alilia. Alilia kilio cha mtu aliyenyimwa haki yake, asinyonye wala asibembelezeke.

"Anadai jina lake," Eyrún alisema, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi. "Na mwenye jina yuko hapa hapa anasubiri."

Niliangalia mlangoni. Sijui kwa nini niliangalia.

Wiki ya ubatizo, nikiwa jikoni napaka siagi mkate mweusi, akaja akaketi mbele yangu.

"Baba, nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Najua jina halisemwi kabla ya mchungaji. Lakini wewe nakuambia, kwa sababu ni zawadi yako. Tunampa jina la baba yako. Brandur."

Niliendelea kupaka siagi. Nilipaka mpaka ikavuka mkate ikafika mezani.

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi."

"Furaha gani hiyo ya kununa?"

"Eyrún, vipara viko vingi duniani. Huenda alikuwa babu wa upande wenu."

"Babu yangu alizikwa na nywele kama farasi. Jeneza lilifungwa kwa shida."

"Au chakula. Siku ile ulikula samaki aliyechacha. Yule samaki hata mimi huniletea watu."

Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ikaniuma kuliko angenitukana.

"Baba, mzazi wako amesafiri kutoka ahera kuja kuomba jina, nawe unamfungia mlango?"

Nifanyeje na swali hilo? Nikala mkate wangu wenye siagi ya watu wanne.

Niseme sasa mzazi huyo alikuwa nani.

Brandur alikuwa nahodha, na nyumbani alikuwa nahodha pia. Mama yangu, Gróa, alijua kutokana na jinsi mlango unavyofungwa kama usiku ule atalala au hatalala. Siku moja bahari ilichafuka na boti zote zikafungwa gatini. Brandur akasema hawa wengine ni wanawake. Akamshika mdogo wangu Hjalti ukosi wa sweta, akamnyanyua mezani na uji wake mdomoni. Mama akasimama mlangoni. Baba akamsukuma kando kama kiti, akaingia baharini na Hjalti.

Bahari haikurudisha kitu. Hakuna ubao, hakuna buti.

Mama hakulia mbele za watu. Alisema neno moja tu, kwamba jina la Brandur lisitajwe tena mbele yake. Katika nchi ambayo kila mwana hubeba jina la babu yake, mimi mwanangu nilimwita Kári, jina lisilo la mtu yeyote wetu. Langu mwenyewe sikuweza kulikwepa. Huku jina lako la pili ni la baba yako, kwa hiyo kila ninapotia sahihi naandika kwamba mimi ni mwana wa yule.

Kisha nywele zikaanza kutoka.

Mwanzo ziliachwa kwenye mto. Baadaye kwenye chanuo, baadaye kwenye tundu la bafu, zimejikunja kama buibui aliyekufa. Wenzangu vijana walipopungukiwa nywele walitaniwa wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, maana kila paji lilipopanda, alikuja mtu mwingine kwenye kioo. Asubuhi moja nikinyoa ndevu nikamwona kamili. Paji lile, utosi ule unaong'aa, mshipa ule juu ya sikio. Wembe ukanianguka. Nilimwogopa, nawaambieni kweli. Mtu mzima, mwenye mke, nikajifungia bafuni kwa kuogopa kichwa changu.

Wengi huvaa nywele za bandia kwa ajili ya wanawake. Mimi nilivaa kwa ajili ya mwanamke mmoja, mama yangu. Sikutaka ainue macho kwenye sahani yake amwone Brandur amekaa mezani akisubiri chumvi.

Ndiyo maana sijaingia bwawa la maji ya moto tangu ujana. Pale lazima uoge na uoshe kichwa kwanza, uchi kama ulivyozaliwa, mbele ya majirani. Niliwaambia watu ngozi yangu haipatani na dawa ya maji. Katika mji huu mwanaume asiyeonekana bwawani ni kama asiyeonekana msibani, lakini hakuna aliyewahi kunisema. Nilijiona mjanja.

Basi baada ya habari ya jikoni nilikwenda kwa mama, kwenye nyumba ya wazee. Nilimkuta dirishani anafuma, miwani kwenye ncha ya pua.

"Umekuja kwa miguu?" aliuliza.

"Kwa gari, mama."

"Unahema kama uliyekuja kwa miguu. Kuna nini?"

"Nakukumbusha Jumapili tu. Kári atakufuata."

"Nakumbuka. Kichwa changu kizima bado." Akafuma kidogo. "Nasikia mkwe wako alijiwa."

Katika mji wetu lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja na basi la asubuhi.

"Watu wanaongea, mama."

"Wanasema mwenye kipara."

"Ndivyo alivyosema yeye."

Sindano zilisimama. Aliitazama bahari, ile bahari ambayo alikataa kuhama mbele yake, ingawa wauguzi walimpa chumba cha upande wa mlima.

"Torfi, unaona sijambeba yule mtoto?"

Nilikuwa nimeona. Tulipomletea alimgusa kidole cha mguu tu, akasema mikono inatetemeka.

"Mikono haitetemeki. Nangoja nisikie jina. Likiwa lile, nitavaa koti langu nitoke, wala sitaingia tena nyumbani kwako mpaka nife. Sitamchukia mtoto. Lakini siwezi kumwimbia mtu jina lile nikamlaza. Ulimi wangu hautakubali."

"Na kama marehemu ameomba kweli?"

"Aombe kwa wengine." Akaokota sindano zake. "Mimi nilimwomba siku ile aniachie mwanangu. Alinisikia?"

Nilimbusu paji la uso nikaondoka. Kwenye gari nilikaa bila kuwasha moto. Nilifahamu kinachotakiwa. Mama ana umri wa kufa kesho, na kitukuu wake hajambeba, na kinachowatenganisha ni hiki kizibo changu cha nywele.

Nikaamua nimwambie Kári kwanza, mwanaume kwa mwanaume. Nilimkuta gereji akibadilisha tairi.

"Kári, hili jina."

"Baba, usinianze na wewe." Alijifuta mikono. "Unadhani mimi nalipenda? Nimekua nikijua bibi anaondoka chumbani likitajwa. Lakini Eyrún halali. Anaogopa mtoto atachukuliwa. Nimpe nini, ndugu yangu? Nipe sababu moja nikamwambie, nitamwambia leo leo."

Mwanangu akiniita ndugu yangu najua amefika mwisho.

Sababu ilikuwa kichwani mwangu. Nilichotakiwa ni kuinua mkono. Niliinua kweli, nikafika sikioni, nikajikuna.

"Sina," nilisema.

"Basi tuache."

Akainama kukaza nati. Taa ya gereji ikampiga utosini, nikaona. Katikati ya nywele zake nzuri alizozirithi kwa Alda kulikuwa na duara, dogo, jeupe, limeanza. Yeye mwenyewe hakujua bado. Brandur alikuwa anajitokeza kwa mwanangu kama alivyojitokeza kwangu, na huyu mdogo aliyelala chumbani angepewa na jina juu yake.

Jumapili ikafika.

Hapa kwetu wengi hubatizia sebuleni. Tulitandika kitambaa cha Alda, tukaweka bakuli la kioo lenye maji ya vuguvugu. Jikoni kulikuwa na keki za tabaka, chapati za moto zenye nyama ya kondoo ya moshi, kahawa ya kutosha kuamsha kijiji. Ndugu walikaa na soksi zao safi, viatu vyote mlangoni. Mama alipewa kiti cha mkono karibu na dirisha. Nikaona koti lake hakulitundika. Alilikunja akalipakata.

Mchungaji, mwanamama mchangamfu mwenye mafua, aliimba nasi wimbo mmoja akapiga chafya kwenye ubeti wa pili. Kisha akasogea kwenye bakuli. Eyrún akasimama na mtoto aliyevaa gauni refu jeupe. Kári kando yake. Mimi nyuma yao.

"Mtoto huyu aitwe nani?" mchungaji akauliza.

Eyrún akavuta pumzi. Mkono wa mama ukaanza kulikunjua koti.

"Ngojeni," nikasema.

Kila mtu akageuka. Mchungaji akadhani nami nina chafya, akanipa leso.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilishika nywele kwa mbele, pale gundi inapokaa, nikavuta. Zilitoa mlio kama bandeji inayobanduliwa. Nikazishika mkononi, na hewa ya sebule yangu ikanigusa utosi mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Sikumwangalia mtu ila mama.

Rangi ilimtoka usoni. Vidole vyake vikakamata mikono ya kiti, na mwili wake ukarudi nyuma, upande wa ukuta, kwa namna niliyoijua tangu utoto. Kilichonifanya nivae nywele miaka yote kilikuwa kimetokea.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Ni Torfi. Nitazame macho."

Alinitazama. Ilichukua muda. Kisha mabega yake yakashuka kidogo.

"Unafanana naye," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua, mama. Ndiyo maana nilificha. Nisamehe."

Kári akanishika kiwiko. "Baba, zirudishe tu. Hakuna haja."

"Ipo haja. Lazima mjue kwamba mimi—"

"Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba una kipara." Alisema taratibu, kama anayemwambia mtoto kwamba mbwa amekufa. "Nilijua tangu niko shule ya msingi. Mji mzima unajua, baba. Unadhani kwa nini hakuna aliyewahi kukuuliza habari za bwawa? Walikuheshimu."

Binamu yangu mmoja akakohoa akaangalia dari. Mwingine akaitikia kwa kichwa. Hata mchungaji akatazama maji yake.

Nusu ya maisha yangu nimejifungia na gundi na kioo, kumbe nilikuwa najificha nyuma ya kidole. Ningekuwa na nafasi ningecheka. Lakini sikuja kwa ajili hiyo.

"Vizuri," nikasema. "Kama mnajua, basi itakuwa rahisi. Eyrún, mwanangu, nisikilize vizuri. Siku ile mchana, aliyesimama mlangoni hakuwa marehemu. Alikuwa mimi. Nilikuja kufunga dirisha. Nilizianika hizi kwenye hita, sikujua umo ndani. Hakuna aliyekuja kuomba jina. Mwite mtoto wako jina lolote unalolipenda."

Nilijisikia mwepesi. Nikamgeukia mama, nikaona macho yake yanaanza kulegea, koti linateleza magotini. Nikajua sasa atambeba.

Eyrún hakutikisika. Alimweka mtoto vizuri begani, akanitazama kwa ile huruma yake ya jikoni.

"Najua ulikuwa wewe, baba."

"Unajua?"

"Nilikuona ukiingia, macho yangu nusu wazi. Ulikuwa na taulo begani, ukalifunga dirisha, ukageuka. Nikafumba macho nisikuaibishe. Wewe ni baba mkwe wangu. Ningekutazamaje katika hali ile?"

"Sasa mbona jioni ulisema umejiwa na mzee mwenye kipara?"

"Sikuwa nakusema wewe."

Kahawa ilikuwa inachemka jikoni.

"Ulikuwa nani, basi?" Kári akauliza. Sauti yake haikuwa yake.

"Sijui. Sijawahi kumwona, hakuna picha yake nyumba hii." Akamvuta mtoto karibu. "Baba aliposimama mlangoni, huyo alikuwa nyuma yake. Vichwa vyao vilikuwa sawasawa, kimoja juu ya bega la mwingine. Baba alipotoka, nikafumbua macho tena. Yule alibaki."

Nilihisi baridi inanipanda kisogoni, pale ambapo sasa hapakuwa na kitu cha kuikinga. Sikugeuka. Mwanaume wa umri wangu, mchana kweupe, nyumba imejaa ndugu, na sikuweza kugeuka kuangalia mlango wangu.

Mchungaji akarudi nyuma hatua moja.

Ndipo mama aliposimama. Koti lilianguka sakafuni na hakuliokota. Alikuja kwa hatua zake ndogo, akanipita mimi na kipara changu kama hanioni, akasimama mbele ya Eyrún karibu sana, kiasi kwamba gauni la mtoto liligusa kifua chake.

"Huyo aliyebaki," akasema. "Alikuwa peke yake, au alikuwa ameshika mtoto wangu?"

Kijana akaanza kulia. Eyrún akanitazama mimi, kama anayeomba ruhusa ya kujibu, na mimi nilishindwa kumpa wala kumnyima.